Naomba ushauri: karatasi moja ya CPA imenikatalia

Hamjambo ndugu na dada. Niko Kisumu, nashika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Nasomea CPA, mtihani wa uhasibu unaotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu nchini Kenya. Ngazi ya kati imenibakia karatasi moja tu, ile ya taarifa za fedha na uchambuzi. Kila matokeo yakitoka naikuta palepale. Alama ya kupita ni 50, mimi naishia 40 na kitu.

Kinachoniumiza ni hesabu za pamoja za kampuni mama na kampuni tanzu. Nyumbani nafanya vizuri: naondoa mauzo ya ndani ya kundi, napunguza faida ya bidhaa zilizobaki stoo, natenga sehemu ya wenyehisa wachache. Kwenye mtihani mizania inakataa kulingana, natafuta tofauti hadi saa tatu zinayoyoma, na maswali niliyoyajua yanabaki matupu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Madarasa ya wikendi siyawezi. Jumapili Kibuye hufurika na duka halifungwi. Mume wangu ananiunga mkono, ila karo ya watoto nayo inaita.

Kuacha sitaki. Waliopita karatasi hii wakiwa kazini, mlijifunzaje kuliacha swali na kusonga mbele? Nijisajili Aprili, au nivute hadi Agosti nipate muda wa mazoezi? Na kama kuna kikundi cha kusoma jioni upande wa Kondele au Nyamasaria, tafadhali nielekezeni.