MREJESHO: Mpingo mpakani mwa shamba, Nachingwea

Salaam wadau. Niliuliza namna ya kuotesha mpingo mpakani mwa shamba langu la korosho huku Nachingwea, na kama kuna faida kupanda mti ambao sitauvuna mwenyewe. Nawashukuru mno mliojibu.

Mbegu zimeota. Maganda yake ni bapa na mepesi kama karatasi. Niliyapasua kwa vidole, nikaloweka mbegu usiku kucha, nikasia kwenye viriba. Aliyenishauri nitafute machipukizi ya mizizi naye alisema kweli: kando ya mpingo mkongwe, pale jembe lilipojeruhi mzizi, yamechomoza yenyewe, tena yana nguvu kuliko miche ya kitaluni.

Adui mkubwa ni moto wa kiangazi. Nimefyeka barabara ya kuzuia moto, na majirani nimewaomba sana tupeane taarifa kabla ya mtu kuchoma shamba.

Faida? Gogo la kufaa kutengeneza klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) huchukua miaka 70 hadi 100, kwa hiyo hiyo ni mali ya wajukuu. Mimi nafurahia mizizi inayorutubisha udongo, maana mpingo ni jamii ya kunde. Mvua za Desemba zikishika, naongeza upande wa bondeni.