Nimhamishe binti yangu kutoka akademi ya kibinafsi hadi shule ya umma hapa South B, Nairobi?

Mama wa Gredi ya Nne
Wazazi wenzangu, hamjambo. Akademi anakosoma binti yangu imepandisha karo mara mbili mwaka huu, ilhali shule ya umma iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Jirani ameniambia nisithubutu, kwa kuwa wastani wa alama za shule hiyo ulikuwa wa chini hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na eti "imejaa watoto wa Mukuru", mtaa wa mabanda ulio jirani. Jumatatu nilikwenda kujionea. Katika gredi ya 4 nilihesabu wanafunzi 83, wanne wanne kwenye madawati ya watu watatu, lakini mwalimu aliwaita kwa majina bila kutazama sajili. Nishike lipi?

Mwalimu Mstaafu
Dada, wastani huo ulipima pia ni akina nani waliobaki. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003, nilikuwa nikifundisha Eastlands, na darasa langu la watoto arobaini na kitu likafika tisini kabla ya muhula kwisha, wengine wakiwa na miaka kumi na miwili nao ndio wanashika kalamu mara ya kwanza. Wazazi wenye uwezo walihamia akademi, wakaondoka na pesa za tuisheni na sauti zao mikutanoni. Wastani ulishuka, na walimu tulikuwa wale wale. Serikali nayo hutenga shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Piga hesabu ya vitabu na chaki mwenyewe.

Baba Pacha
Wangu wanasoma katika shule kama hiyo. Chakula cha mchana ni shilingi 5, mtoto anagusisha bangili kwenye kifaa, anapewa sahani. Hao watoto wa Mukuru ndio wanaofika kwanza asubuhi. Shida niliyoiona ni kuhamahama: baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024 na nyumba za kando ya Mto Ngong kubomolewa, wenzao kadhaa hawakuonekana tena, na waliorejea walikuwa wamepitwa na masomo ya wiki nyingi. Mtihani hauoni hilo.

Mzazi Mkali
Nawaheshimu, lakini 83 ni 83. Mwanangu aliandika insha muhula mzima akirudishiwa tiki moja nyekundu chini ya ukurasa, bila kosa hata moja kusahihishwa. Usiulize wastani wala mtaa wanakotoka. Omba daftari la insha la mtoto yeyote, uone mwalimu ameandika nini pembeni.

Mama wa Gredi ya Nne
Ahsanteni. Hilo la daftari sikuwa nimeliwaza, na nakiri kwamba hata la akademi sijawahi kulifungua kwa jicho hilo. Leo jioni nitaanza na la binti yangu, kisha Alhamisi nirudi kwa mwalimu mkuu.