Maji ya tangi la samaki yanageuka kijani na mimea inaoza, nifanyeje?

DadaSaluni: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanga hapa Kigoma. Nina tangi la lita 60 saluni, nimeliweka dirishani ili wateja walione. Ndani kuna gappi (wale samaki wadogo wa mapambo), mchanga wa ziwani na mimea ya aina mbili: yenye majani marefu membamba, na ile inayoelea haina mizizi. Maji yanageuka kijani kama mlenda. Nikimwaga yote, nikaosha mchanga na sponji ya pampu kwa maji ya bomba, wiki haiishi yamerudi vilevile. Safari hii gappi wanahemea juu, na yale majani marefu yanayeyuka. Kuna dawa? Au niweke mbolea?

KijanaWaKibirizi: Mimi nikiona samaki nawaza ugali tu. Ila nimekaa hapa nafuatilia.

MzeeWaTangi: Dada, acha kwanza kumwaga maji yote. Kwenye sponji na mchanga wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, halafu naitreti, ambayo mimea inaila. Ukiwasugua kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua, amonia inabaki bila mlaji. Na sisi wa Kigoma tuna balaa la ziada: maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uchachu, 7 ni katikati) ya karibu 9. Kwa pH hiyo na joto letu, karibu theluthi ya amonia inakuwa ile ya sumu. Kwenye maji ya pH 7 haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana wanahemea.

Leo badilisha robo ya maji, kisha robo kila wiki. Maji mapya yalale kwenye ndoo wazi usiku kucha. Sponji ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, basi. Na punguza chakula, wape kinachoisha ndani ya dakika mbili.

FundiTaa: Huo ukijani ni mwani unaoelea, na unaulisha wewe kwa jua la dirisha. Hamisha tangi, au bandika kartoni upande wa jua. Taa ya LED ikiwaka kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha. Ukiona haupungui, lifunike gubigubi kwa shuka siku tatu na taa imezimwa, ila pampu ya hewa isizimwe.

Mwanaziwa: Hayo majani marefu ni valisineria, yapo hata humu ziwani. Ukiyahamisha huwa yanayeyuka, usiyang'oe! Kata yaliyooza, acha mzizi, yatachipua na kutambaa chini ya mchanga. Angalia tu pale majani yanapokutana na mizizi pasifukiwe. Mbolea bado, kinyesi cha gappi kinatosha. Mimea hiyo yote miwili inavumilia maji magumu, yaani yenye madini mengi kama ya kwetu, umechagua vizuri.

Unyanyembe: Mimi niko Tabora, siku hizi tunapata maji ya Ziwa Victoria, ni laini kuliko yenu. Kwa hiyo mambo ya pH msikilize mzee. Mimi nauliza kitu kingine: hapo saluni mnapuliza spirei ya nywele? Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji.

DadaSaluni: Eh! Pampu iko chini ya meza ya kusukia kabisa. Naihamishia stoo leo hii, mpira wake ni mrefu. Asanteni sana. Na umeme ukikatika?

MzeeWaTangi: Chota maji kwa kikombe, yamwage kutoka juu, rudia mara kwa mara. Siku ya kukatika usiwalishe.

DadaSaluni: Sawa. Mteja mmoja ameniahidi wale samaki wadogo wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Naweza kuwachanganya na gappi?

Mwanaziwa: Maji watayapenda, ni ya kwao. Lakini subiri gappi waache kuhema kwanza. Halafu jua kwamba hao ni wachimbaji, usiku mmoja wanakung'olea valisineria yote. Zungushia mizizi mawe, na makombe yaweke kona ya mbali na mimea. Vitoto vya gappi sahau, vitaliwa.