MREJESHO: HiAce (basi dogo) ya mazuti (dizeli) iliyokuwa ikigonga, Bukavu

Wakubwa, ni yule niliyewauliza kuhusu HiAce yangu ya zamani iliyokuwa inagonga ta-ta-ta, hasa asubuhi na nikipanda mlima mtaani Kadutu na abiria. Wengi mlihofia vyuma vya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Asanteni, sio konrodi!

Fundi aliacha injini isailensi (iungurume polepole bila kukanyaga mafuta), akalegeza nati za mabomba ya nozeli (vipulizia mafuta), moja moja. Alipofika ya tatu, mlio ukakatika kabisa, akikaza, unarudi. Tukaifungua nozeli hiyo, tukaiweka kwenye mashine ya kupimia. Badala ya kupuliza ukungu, ilikojoa mstari mmoja, kisha tone likabaki linaning'inia nchani. Mafuta ya hivyo hayachanganyiki vizuri na hewa, yanalipuka kwa kishindo.

Tumebadilisha ncha zote, washa (pete za kuzibia) mpya za shaba na filta, maana chini ya filta kulikuwa na maji na mchanga. Mazuti ya chupa za barabarani nimeacha.

Tafadhali, kipimo hiki cha kulegeza nati ni cha pampu za zamani tu. Kwenye komoni reli (dizeli za kisasa, nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa) msiguse: presha inaweza kupita bar 1,000, mafuta yanapenya ngozi.

Sasa inapanda kimya, moshi mweusi umeisha.