Mrejesho: Nilimpeleka mgeni Unguja

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mwezi uliopita niliwauliza, mimi wa Dodoma, nimpeleke wapi Unguja mgeni wangu Mjerumani asiyependa kukaa hotelini. Tumerudi salama.

Tulipanda treni ya SGR mpaka Dar, kisha boti. Kuhusu msitu wa Jozani mlisema kweli: kima punju, ambao porini wanapatikana Zanzibar tu, walipita matawini hatua chache kutoka tuliposimama. Mgeni alinyamaza kabisa. Kisiwani Changuu tukawaona kobe wakubwa, asili yao Shelisheli.

Paje ndiyo tulikosea. Tulifika maji yamekupwa, bahari iko mbali. Aliyenishauri niulize kwanza saa za kupwa na kujaa, nisamehe, sikulitilia maanani. Basi tukatembea mchangani hadi kwenye mashamba ya mwani, kina mama wakivuna, wakatukaribisha na kutueleza kazi yao. Asubuhi ile naipenda kuliko zote. Maji yalirudi baada ya saa kama sita, tukaogelea.

Jumamosi tunaelekea Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Aliyewahi kulala huko aniambie pa kufikia.