RE: RE: Boksi la CD limezuiliwa Mtwara, wanataka TIN (namba ya mlipakodi)

Kaka wa Chuno:
Wanakusini, niko nyumbani likizo. Boksi nililoagiza kutoka Houston limefika, watu wa forodha wamelishika. CD 20 za mwanamuziki Jandek, "Glasgow Sunday" ikiwemo. Ofisa kachana gundi kwa wembe, kazipanga mezani, kaona maganda mengi yana sura ya mtu yuleyule. "Huyu unampigia kampeni?" Eti 20 ni biashara, nilete TIN na leseni. Jamani, nimechukua 20 kwa sababu bei inashuka nusu! Nani ametoa mzigo kama mtu binafsi?

Dada Nachingwea:
Pole kaka. Vitenge vyangu navyo vililala wiki nzima. Fomu ya forodha, CN22, iliandikwaje? Yangu niliandika "zawadi", vikapita.

Mzee Mikindani (Leicester):
Usimpotoshe mwenzio. CN22 mwisho kilo 2. CD 20 na maganda yake, hiyo ni CN23, fomu ya mzigo mkubwa zaidi. Zawadi gani mtu kajinunulia mwenyewe?

Dada Nachingwea:
Shikamoo mzee, nimesikia. Huyo Jandek ni nani hasa?

Kaka wa Chuno:
Anatoa albamu tangu 1978 kwa sanduku la posta, yeye mwenyewe alikuwa haonekani. Oktoba 2004 akaibuka jukwaani Glasgow, hata kwenye ratiba hakutajwa. Kavaa nyeusi na kofia, Richard Youngs kwenye besi, Alex Neilson kwenye ngoma. Gitaa linakwaruza, sauti kama mtu anayelalamika peke yake usiku. Mara ya kwanza nilizima. Sasa siachi.

Mzee Mikindani:
Kwetu mpiga ngoma wa unyago anatajwa hadi ukoo. Asiyejitaja atatunzwa pesa na nani?

Mlindi halisi:
2004 hiyohiyo gesi yetu ilianza kwenda Dar. Hakuna aliyetupigia makofi.

Mzee Mikindani:
Bomba ni la Mtwara, 2015.

Mlindi halisi:
Hilo lenu. Songosongo iko Kilwa, mkoa wa Lindi, ndiyo iliyotangulia. Kila kitu Mtwara!

Dada Nachingwea:
Msianze. Kaka, ukirudi huku nibebee ming'oko, vile viazi pori vyetu, nimeota naila na chumvi na pilipili.

Kaka wa Chuno:
Sawa dada. Ila TIN nipeleke au nisipeleke?

Mzee Mikindani:
Ming'oko itaharibika njiani. Mimi niletee korosho za Newala, zisizokaangwa.