Naomba ushauri: naanza kupiga picha za mkanda

Habari zenu wakuu. Baba mdogo amenipa kamera yake ya mkanda, Pentax K1000, yenye lenzi ya 50mm. Kila kitu unaseti mwenyewe: fokasi, spidi, tundu la lenzi. Nimeweka betri mpya, na ile sindano ndogo ya kupima mwanga, upande wa kulia ukichungulia, inapanda kwenye mwanga na kushuka kwenye kivuli. Nimefurahi mno.

Kinachonisumbua ni jua la Dar. Kanuni ya f/16 naielewa: jua kali, tundu la lenzi f/16, na spidi ikaribiane na ISO, yaani namba ya wepesi wa mkanda kwa mwanga; mkanda wa ISO 200, spidi 1/250. Lakini mtu akikaa chini ya mwembe, uso uko kivulini na nyuma yake mchanga unawaka, niifuate sindano hivyo hivyo au nisogee nipime uso kwanza? Nataka kuwapiga wazee wetu, ngozi zao zitoke vizuri, zisiwe giza tupu.

Halafu, nianze na Kodak Gold 200 ya rangi au Ilford HP5 nyeusi na nyeupe, ambayo nasikia mtu anaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani? Mkanda ni picha 36 tu, sipendi kubahatisha. Na hapa mjini nani bado anasafisha mikanda ya rangi? Wenye uzoefu naombeni mnielekeze.